Unyayo Uliolegea Katika Nchi ya Miteremko

Kiatu cha mtu mwenye unyayo uliolegea huisha mbele kwanza. Kisigino kinabaki kizima, ncha ya kidole gumba imekwaruzwa hadi bitana inaonekana, na kiatu cha mguu wa pili hakina alama hiyo. Akivaa kandambili humchomoka njiani, kwa sababu vidole havina nguvu ya kuishika. Akitembea, hupandisha goti juu kuliko kawaida ili vidole visiburute, kisha unyayo wote hushuka kwa mpigo na kutoa sauti. Wengine, hasa waliopata kiharusi, hawainui goti bali huzungusha mguu mzima pembeni kutoka nyonga. Kaa asubuhi pale Kabwe jijini Mbeya, au Ipogolo chini ya mji wa Iringa, utazame watu wanavyopita. Wenye mwendo huo wapo, na msaada wao mara nyingi ni fimbo.

Kifaa cha kuwasaidia kipo. Ni kipande cha plastiki ngumu kinacholala chini ya unyayo na kupanda nyuma ya mguu hadi karibu na goti, kikashikiliwa kwa mkanda. Hakina betri wala mota, na kinaingia ndani ya kiatu cha kawaida. Msimamo wangu ni kwamba watu wa Mbeya na Iringa wanastahili kukipata kifaa hiki huku huku kwao, kutoka kwa fundi anayeijua milima wanayoipanda, kabla ya taifa kuanza kutamani mashine za maelfu ya dola. Sababu zinaanzia ndani ya mguu wenyewe.

Kuinua unyayo ni kazi ya misuli ya mbele ya muundi. Misuli hiyo hupata amri kutoka ubongoni, kupitia uti wa mgongo, kisha kwa mshipa wa fahamu unaoshuka nyuma ya paja. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, tawi la mshipa huo huzunguka shingo ya mfupa mwembamba wa mguu. Hapo limelala juu ya mfupa, na kinacholifunika ni ngozi na mafuta kidogo. Ukipapasa vizuri unaweza kulihisi kwa kidole. Kwa hiyo amri inaweza kukatika katika sehemu mbili zilizo tofauti kabisa: juu, kwenye ubongo na uti wa mgongo, au chini, kwenye mshipa wenyewe. Kwa macho ya mpita njia mwendo unafanana. Kwa anayechagua kifaa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Kwa upande wa juu, kisababishi kikuu ni kiharusi. Utafiti mkubwa uliofanywa nchini kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka walikuwa 108.6 katika kila watu 100,000 huko Hai na 315.9 Dar es Salaam. Shinikizo la damu lisilotibiwa halichagui mkoa, na sioni kwa nini Nyanda za Juu Kusini zisalimike. Anayenusurika hurudi nyumbani na mkono uliokunjamana na unyayo unaoning'inia, au unaovutwa chini na ndani na misuli ya nyuma iliyokaza.

Upande wa chini una visababishi vingi zaidi, na vingi vinatugusa moja kwa moja. Ajali ya bodaboda inayopiga goti upande wa nje huvunja mfupa na kuujeruhi mshipa kwa pigo moja. Hogo la plasta lililofungwa likabana chini ya goti huweza kufanya madhara hayo hayo, huku mgonjwa akiambiwa avumilie maumivu. Kuchuchumaa kwa saa nyingi mfululizo, kama wafanyavyo wavunaji wengine mashambani, hukandamiza mshipa hadi mguu ukafa ganzi. Mara nyingi hupona wenyewe, si mara zote. Sindano ya kitakoni iliyochomwa pasipo pake hugonga mshipa mkubwa wa paja. Kwa miaka mingi watoto wa Afrika Mashariki walichomwa kwinini kwenye misuli kwa ajili ya malaria kali, na huko Uganda waliopooza mguu baada ya sindano ni kundi linalofahamika vizuri kwa madaktari wa mifupa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilielekeza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesuneti badala ya kwinini. Mwongozo huo umewaokoa waliokuja baadaye. Walioumia zamani sasa ni watu wazima wenye familia na mashamba, na bado wanachechemea.

Kuna kundi lingine ambalo halitajwi inavyopaswa. Mama anapokaa na uchungu siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto kimekwama kwenye nyonga, si kibofu peke yake kinachoumia. Mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni nayo hukandamizwa humo humo. Ndiyo maana baadhi ya wanawake wenye fistula, yaani tundu linalobaki kwenye kibofu, hufika hospitali wakiburuta unyayo, mmoja au zote mbili. Fistula imepata kampeni, namba za simu na nauli za kuwafikisha wagonjwa hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, na ni jambo jema mno. Lakini mwanamke aliyezibwa tundu akarudi kijijini na unyayo uliolegea hajamaliza safari yake ya matibabu. Kumtibu sehemu moja na kuiacha nyingine, wakati jeraha ni moja, ni kumpunja.

Na ukoma haujaisha. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya wanaendelea kugunduliwa. Bakteria wa ukoma hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, na mshipa ulio karibu na ngozi pale chini ya goti ni makazi yao. Mgonjwa wa ukoma hupoteza vitu viwili kwa pamoja: nguvu ya kuinua unyayo na hisia ya ngozi. Hilo la pili lina uzito mkubwa katika kuchagua kifaa, na nitalirudia.

Sasa tuje kwenye mashine zinazovutia macho. Mwaka 1961 daktari Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa kilichotuma umeme mdogo kwenye mshipa ule ule wa chini ya goti kila kisigino kinapoinuka, ili misuli ijikaze na kuinua unyayo. Wazo hilo limezaa vifaa vingi: WalkAide kilichotokana na kazi za Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, L300 cha kampuni ya Bioness, na kile cha Odstock kilichobuniwa Salisbury, Uingereza. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vazi la ReStore la kampuni ya ReWalk, lenye mota na kamba zinazouvuta unyayo, kwa ajili ya mazoezi ya waliopata kiharusi wakiwa kwenye vituo vya tiba. Ni kazi za akili kubwa na sina neno baya juu yake.

Ila kifaa cha umeme kinahitaji mshipa ulio hai. Kwa mtu aliyeumia ubongo, mshipa wa chini ni mzima, unangoja amri tu. Kwa huyo kifaa hufanya kazi. Kwa aliyekatwa mshipa na ajali, aliyeharibiwa na sindano, aliyekandamizwa kwa uchungu au aliyeliwa na ukoma, kutuma umeme ni kubonyeza swichi ya taa ambayo waya wake umekatika ukutani. Na hata kwa wale wanaofaa, majaribio makubwa hayakuibwaga plastiki. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio la Marekani lililowafuata watu 197 waliopata kiharusi kwa wiki 30, wengine na kifaa cha umeme, wengine na cha plastiki. Makundi yote mawili yaliongeza kasi ya kutembea, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Waliotumia umeme walikipenda zaidi kifaa chao, na hilo lina thamani yake. Jaribio la mwaka uliofuata, la watu 495, lilifikia hitimisho linalokaribiana na hilo. Kwa nchi inayopanga matumizi ya fedha chache, matokeo hayo yanatosha kuamua tuanze na kipi.

Plastiki hiyo hutengenezwa hivi. Fundi huufunga mguu kwa bandeji za plasta akiwa ameushika unyayo katika nyuzi 90, plasta ikikauka anaikata na kuivua, kisha anamimina plasta nyingine ndani ili apate umbo la mguu. Umbo hilo hulisawazisha kwa mkono: anaongeza nafasi penye mfupa uliojitokeza, anapunguza panapostahili kushikwa. Bamba la polipropilini hupashwa moto kwenye tanuri hadi likalainika, likatandazwa juu ya umbo huku pampu ikivuta hewa ili ling'ang'anie. Likipoa hukatwa, hulainishwa kingo, huwekewa mikanda. Ustadi upo katika pale anapokata. Akikata nyuma ya vifundo, plastiki hubaki nyembamba na kuwa na mnepo: inanyanyua unyayo mtu anapopiga hatua na kumwachia muundi uiname mbele. Akikata mbele ya vifundo, kifaa kinakuwa kigumu na kukifunga kifundo kabisa. Ugumu unawafaa wenye misuli iliyokaza sana au kifundo kisicho imara. Mnepo unamfaa ambaye tatizo lake ni unyayo kuning'inia tu.

Maarifa haya hayahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Serikali na Ujerumani, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Tanzania imekuwa shule ya bara zima katika fani hii. Ndiyo sababu inaniuma kwamba kutoka Mbeya hadi Moshi kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000, na hadi karakana za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na CCBRT Dar es Salaam ni zaidi ya 800.

Umbali huo una maana kubwa kuliko nauli, kwa sababu kifaa hiki si kitu cha kununua mara moja ukaondoka nacho. Mguu huvimba na kupungua, mkanda hukatika, plastiki huanza kukwaruza baada ya wiki mbili, mtoto hukua na kukiacha. Kila mara lazima fundi akiguse. Mgonjwa aliyepimwa Dar es Salaam akakabidhiwa kifaa na kurudi Mbozi au Kilolo, siku kitakapomchubua atakivua na kukiweka uvunguni. Hapo familia itasema kifaa hakikumsaidia, na haitakuwa imekosea.

Kuna sababu nyingine ya kutaka fundi wa hapa hapa, nayo ni ardhi. Wanaoandika vitabu vya fani hii wengi hupima mwendo kwenye sakafu ya bapa. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini hana sakafu ya bapa. Mbeya imejibanza chini ya mlima Loleza. Iringa imekaa juu ya ukingo, na anayetoka Ipogolo kwenye Ruaha Mdogo hupanda kwenda mjini. Unapopanda, muundi huinama mbele juu ya unyayo. Kifaa kigumu hukataa mwinamo huo, na mtu hulazimika kupanda kwa vidole au kugeuza mguu upande. Unaposhuka, unyayo hutafuta ardhi iliyo chini yake. Kifundo kikiwa kimefungwa, muundi husukumwa mbele na goti hukunjika ghafla. Kama paja nalo ni dhaifu, kama ilivyo kwa wengi waliopata kiharusi, mtu ataanguka, na ataanguka na mzigo. Kwa hiyo kifaa kinachosifiwa kwenye korido ya hospitali kinaweza kuwa hatari kwenye njia ya kwenda kisimani. Mtihani wa kweli ni mteremko ulio nje ya geti.

Halafu matope. Maeneo ya Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mkulima wa viazi Uporoto au mchumaji wa chai Mufindi huvaa mabuti ya mvua sehemu kubwa ya mwaka. Buti ni zito, na uzito wake wote uko kwenye ncha ya unyayo usiojiinua. Kifaa kinaingia ndani ya buti ikiwa limenunuliwa kubwa kidogo, lakini ngozi hutoka jasho ndani ya plastiki na mpira, na soksi lazima zibadilishwe. Mwezi Juni na Julai baridi hulazimisha soksi nene. Kifaa kilichopimwa mguu ukiwa wazi mwezi Novemba kitabana. Viatu vyenyewe ni jambo la kupangwa. Kandambili haibebi kifaa hiki. Kinachofaa ni kiatu cha kufunga kamba, chenye kisigino kifupi na mdomo mpana, na mitumba ya Mwanjelwa jijini Mbeya au Mashine Tatu mjini Iringa inavyo, mradi mtu aambiwe mapema anatafuta nini. Na choo cha shimo kinataka kuchuchumaa, jambo ambalo kifundo kilichofungwa hakiruhusu. Haya yote fundi huyajua kwa kuuliza: unaishi wapi, unavaa nini miguuni, unalima au unauza duka, choo chenu ni cha namna gani. Maswali hayo ni sehemu ya kipimo sawa na plasta yenyewe.

Kwa wenye mshipa uliokufa lakini kifundo kisichokaza, lipo pia jibu jepesi zaidi: mkanda wa ngozi juu ya kifundo, na ukanda wa mpira unaovuta ncha ya kiatu kwenda juu. David Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kilichotokana na kazi ya wanakijiji wa Mexico, alionyesha jinsi vifaa vya mguu vinavyoweza kutengenezwa kwa vitu vilivyopo. Fundi viatu yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kushona mkanda wa aina hii. Hata hivyo fundi viatu asiachwe peke yake. Nilisema nitairudia ngozi isiyo na hisia: mgonjwa wa ukoma au wa kisukari hasikii mkanda unapomla. Kidonda huanza, yeye anatembea juu yake, na mguu uliokuwa umelegea tu unaweza kuishia kukatwa. Kwa huyo soli lazima iwe laini, mikanda iwe mipana, na ngozi ikaguliwe kila jioni kwa macho, yake au ya mtu wa nyumbani.

Mikono ya kufanya kazi hii ipo. Mjini Iringa, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kuendesha kazi ya kiwango cha juu. Wanging'ombe, kati ya Iringa na Mbeya, kipo kituo cha Inuka cha Jimbo Katoliki la Njombe kinachotoa huduma za utengamao. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini zote. Kinachotakiwa ni uzi wa kuviunganisha vituo hivi: kwamba mgonjwa wa kiharusi, wa ajali au wa uzazi asiruhusiwe kutoka wodini kabla unyayo wake haujatazamwa, na karatasi yake ya rufaa imuelekeze kwa fundi kwa jina la kituo na siku ya kufika.

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja saidizi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Vifaa vya kushikilia mguu vimo katika orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2023 ikapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maneno yapo ya kutosha. Kitita cha mafao kinapojadiliwa, wabunge wa mikoa hii waulize kwa sauti kama plastiki ya mguu imo, pamoja na marekebisho yake na kubadilishwa kwake mtoto anapokua. Kifaa bila marekebisho ni nusu ya huduma.

Halmashauri nazo zina chombo mkononi. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa wanaweza kukikopesha kikundi cha mafundi viatu na washonaji wenye ulemavu mashine, ngozi na mpira, kikafanya kazi chini ya macho ya wataalamu wa hospitali: mikanda, soli laini, viatu vilivyorekebishwa, matengenezo ya kila wiki.

Na kwako wewe uliye na mgonjwa nyumbani, jambo moja haliwezi kungoja bunge wala halmashauri. Mshipa wa fahamu unaoota upya husonga milimita moja hivi kwa siku. Wakati huo wote unyayo ukiachwa uning'inie, hasa usiku chini ya blanketi zito, misuli ya nyuma hufupika, na mshipa utakapofika utakuta kifundo kimekakamaa. Unyayo ushikiliwe katika nyuzi 90 mgonjwa anapolala, na unyooshwe kwa mkono asubuhi na jioni. Kama ni ukoma na udhaifu haujafikisha miezi 6, matibabu ya prednisoloni yanaweza kuurudisha mshipa. Ukipita muda huo nafasi hupungua sana. Mpelekeni hospitali wiki hii, na msiondoke kabla hamjaambiwa mambo matatu: amri imekatika juu au chini, nani atawapimia kifaa, na lini mrudi kirekebishwe.